Msonobari Uliogomesha Chenso

Raivo mwenyewe hapendi kuigusa habari hii. Ukimuuliza atakuambia chenso, ule msumeno wake wa injini, iligoma, akaitengeneza, yakaisha, kisha atakuuliza wewe viazi vyako vimeendeleaje. Mimi nimeipata kwa mkewe, Maire, kwa vipande vipande, jikoni kwao, kila mara akisita na kutazama nyuma yake. Kipande cha mwisho sikuambiwa na mtu. Nilikiona mwenyewe. Anayetaka kubisha na abishe, lakini mimi ni jirani yao wa karibu kuliko wote, na tangu hapo siendi pale bila sababu.

Siku ile ya kwanza ilianza kama siku zote za baridi huku kwetu upande wa Võru. Theluji imeganda, moshi unapanda wima. Raivo alipoingia jikoni kunywa kahawa alimkuta mama mkwe wake, Leida, ameshakaa kwenye kiti chake kando ya jiko la matofali, miguu imo ndani ya soksi za sufu, mgongo kaupa mlango, anamenya viazi. Akamwekea Raivo mkate mweusi na kipande cha nyama ya moshi, akamwambia avae kofia ya pili, kwani masikio hayauzwi dukani.

Hicho kiti ndicho kitu cha kwanza cha kujua katika nyumba ile. Zamani Leida hakuwa akikaa hapo. Mumewe, Arvo, alipokuwa hai, Leida alikaa kwenye kistuli karibu na mlango, viatu miguuni, kamba zimefungwa, kiangazi na masika, hata wakati wa kula. Arvo alikuwa akinywa, na akinywa alikuwa akipiga. Mtu wa kukimbia hana muda wa kutafuta viatu gizani. Maire alikua akidhani mama wote duniani hula chakula wakiwa na buti.

Arvo alikuwa na mguu mbovu wa kushoto, gogo lilimwangukia ujanani, akawa anaukokota. Maire alijua baba amefika kwa kusikia uani: hatua moja, mkwaruzo mmoja. Hatua, mkwaruzo. Akisikia hivyo anaingia chini ya kitanda.

Kisha Arvo akafa ndani ya sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, peke yake, moyo ukasimama. Wakamzika. Leida aliporudi kutoka makaburini alisogeza kiti kikubwa cha marehemu kando ya jiko, akavua viatu, akakaa, akaupa mlango mgongo. Raivo alikuja kumwoa Maire baadaye sana, hakuwahi kumwona Arvo ila kwenye picha, na katika miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kumwona mama mkwe wake na kiatu ndani ya nyumba. Alikuwa akimpenda yule mama. Alisema akiona zile soksi kando ya jiko anajua nyumba imetulia.

Na nyumba ilitulia kwa sababu moja, au ndivyo sisi wa huku tunavyoamini. Kwetu maiti hapelekwi makaburini moja kwa moja. Msafara husimama njiani kwenye mti mzima ulio kando ya barabara, na mwanamume wa ukoo huchonga msalaba, apasue gome mpaka afike kwenye mti mweupe. Watu wanapitisha chupa, kila mtu funda moja, wanaendelea. Marehemu akitamani kurudi kwake anafika hapo, anauona msalaba, anakumbuka kwamba ameshakufa, anageuka. Wazungumzaji wa redioni huita haya mambo ya kale. Lakini hakuna mkata miti wa huku, awe anaamini au haamini, atakayeukata mti wa msalaba kwa kujua.

Raivo ni mkata miti. Majira yale msitu wa kwenye kona, ule ulio kati ya nyumba yao na makaburi, ulikuwa umenunuliwa na mtu wa mjini, naye alitaka uwe umekatwa kabla ardhi haijayeyuka na kuwa tope. Kabla ya kuwasha mashine Raivo alifanya kama tunavyofanya wote. Alitembea barabarani kutoka mwanzo wa msitu hadi mwisho, akaukagua kila mti upande unaotazama barabara, na wenye msalaba akaufunga utepe mwekundu. Alirudi akiwa na moyo mweupe.

Mwenzake kazini aliitwa Heino, kijana wa kaskazini, mdomo haufungi, hodari wa kazi. Kwao hawachongi misalaba. Alikuwa akiziita zile tepe za Raivo mapambo ya harusi.

Mchana wakaufikia msonobari mkubwa wa kwenye kona. Ulikuwa mnene, umenyooka, na nyuma yake kumejaa miche iliyolemewa na theluji mpaka kifuani. Haukuwa na utepe. Raivo akawasha chenso, ikanguruma vizuri, akausogeza upanga wake, kile kibapa cha chuma kinachozungukwa na mnyororo, kwenye gome.

Ikasimama.

Haikukohoa, haikupungua mlio. Ilisimama ghafla kama mtu aliyeshikwa mkono kwa nyuma. Raivo akavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikutoka. Akavuta tena kwa mguu juu ya mpini, kwa uzito wake wote. Injini ilikuwa imebana kabisa.

"Umesahau oili," Heino akasema, na furaha yote ya dunia imo usoni mwake.

"Sijasahau."

"Umeweka petroli tupu, mzee, injini imenoki. Nitawaambia mpaka kwetu. Raivo mkubwa, fundi wa mafundi, kaua chenso yake kama mtoto wa shule."

Kwa wakata miti hakuna aibu inayozidi hiyo. Chenso hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukisahau oili, pistoni inasagika kwenye silinda mpaka inang'ang'ania. Raivo alichukua galoni, akamwaga matone juu ya theluji. Petroli ikapotea, likabaki doa la kijani la oili, kila mtu aweze kuliona. Heino akalitazama.

Raivo akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kutafuta. Akafungua plagi. Ilikuwa kavu, rangi ya kahawa yenye maziwa, inavyotakiwa. Basi haijafurika petroli. Akavuta kamba bila plagi, pasipo kitu cha kuzuia upepo ndani. Haikutoka. Akafungua kifuniko cha pembeni, akatoa mnyororo na upanga, akachokoa vumbi la mti, akaangalia breki kama imekwama. Breki ilikuwa huru, hata klachi ilizunguka kwa kidole. Kwa hiyo ubaya uko ndani. Akafungua skrubu za ekzosi, akaitoa, akachungulia kwenye tundu lake. Hapo ndipo pistoni inapoonekana, na hapo ndipo iliyonoki hujulikana, kwa kuwa huwa imechubuka michirizi kama goti la mtoto.

Pistoni ya Raivo ilikuwa inang'aa. Hakuna hata mchubuko.

"Hii haijanoki," Heino akasema, safari hii polepole.

"Haijanoki."

"Basi imeshikwa na nini?"

Raivo akaishika ile pistoni kwa ncha ya bisibisi, akaisukuma. Alimwambia Maire kwamba aliisikia ikimsukuma na yeye. Kwa nguvu zilezile, si zaidi. Akaitoa bisibisi haraka.

Huku kwetu miezi hiyo giza huingia mapema, watu wako bado kazini. Wakafunga vitu, wakarudi. Raivo alishusha chenso kwenye karakana yake, akaiweka mezani chini ya taa, na kabla ya kuigusa kwa spana akavuta kamba, kwa mazoea tu. Kamba ikatoka laini. Akairudishia plagi na ekzosi, akaiwasha. Ikanguruma kama siku aliyoinunua. Akaizima, akabaki ameketi anaitazama. Fundi hufurahi akikuta ubovu, maana ubovu unatengenezeka. Asipoukuta, hapati usingizi.

Mezani alieleza kwa mzaha, ili asicheke mtu mwingine kabla yake. Maire alicheka. Leida hakucheka. Kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Mti gani?" akauliza.

"Ule msonobari mkubwa wa kwenye kona, mama."

"Una msalaba?"

"Hauna. Nimeutazama."

"Upande wa barabara?"

"Upande wa barabara, mama. Hauna kitu."

Leida akakiweka kisu chini. "Kaka yangu ndiye aliyemchongea Arvo, Mungu amrehemu. Mimi sikushuka garini. Sikutaka kuona. Aliniambia tu, kwenye kona, msonobari." Akatazama miguu yake mwenyewe, zile soksi. "Utazame tena, mwanangu. Utazame vizuri."

Usiku Maire alimwambia mumewe kuwa tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza mama kulitaja jina la baba.

Asubuhi Raivo alikuta shoka lake limepasuka mpini kwa baridi. Mkata miti haendi msituni bila shoka, hata akiwa na mashine kumi, kwani atagongea nini kabari. Akachukua la ukutani mwa karakana, la zamani, zito, lililokuwa la Arvo. Leida alikuwa dirishani alipopita nalo uani. Raivo akampungia. Mama hakupunga.

Walipofika kwenye kona, jambo la kwanza Raivo alilofanya ni kuutazama ule mti, kama alivyoahidi. Aliupangusa theluji kwa ufagio, akavua glavu, akalipapasa gome kwa viganja kutoka mizizini mpaka juu ya kichwa. Upande wote wa barabara. Gome lilikuwa zima, nene, bila kovu. Nyuma hakwenda. Ile miche ilikuwa imefunga njia, na tena nani huchonga msalaba upande ambao marehemu hapiti? Akaridhika. Nataka mjue kwamba aliutazama kwa dhati. Hakuwa mtu wa kupuuza.

"Mama mkwe ameridhika sasa?" Heino akauliza.

"Washa mashine yako, acha maneno."

Raivo akawasha ya kwake. Ikanguruma, akaisogeza, meno yakagusa gome, ikasimama. Imebana vilevile. Akarudi nayo nyuma mpaka kwenye gari, akavuta kamba. Laini. Akaja nayo mtini. Imebana. Heino akaacha kutabasamu. Akaja na chenso yake mwenyewe, iliyokuwa imefanya kazi jana nzima, akaigusisha.

Ikasimama.

Walitazamana. Msituni hakukuwa na upepo, lakini theluji ilikuwa ikianguka kutoka kwenye ile miche ya nyuma, chembe chembe, kana kwamba mtu anapita katikati yake.

"Tuuache huu," Heino akasema kwa sauti ya chini.

"Trekta la kuvuta magogo litapita wapi?"

"Lizunguke. Lipae. Mimi sijui."

"Hauna msalaba, Heino. Nimeupapasa mwenyewe."

"Mimi wala siamini misalaba yenu," Heino akasema. "Ila naenda kukaa garini." Akaenda kweli, akafunga mlango, akawasha redio.

Raivo alibaki pale na hasira. Alikuwa hajalala vizuri, mikono inamuwasha, anaona mti unamfanya mjinga mbele ya kijana. Maire husema mumewe ni mpole ila asishindwe na mashine. Akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Mwishowe, alasiri imeshaingia, akaziacha chenso zote mbili kwenye theluji, akalichukua shoka.

Shoka halina pistoni.

Aliulekeza mti uanguke kufuata barabara, akaanza kukata chini, usawa wa goti. Alitegemea kuhangaika mpaka jasho limtoke, kwani msonobari ule haukuwa wa shoka. Lakini shoka lilizama. Alilinyanyua kidogo tu, likashuka lenyewe. Vipande vikaruka vikubwa vikubwa. Alianza kupenda. Halafu akaanza kutopenda. Mpini ulikuwa wa joto, nayo ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Mara akahisi kwamba hata akiuachia hautaanguka, kwamba kuna mikono mingine imeshika juu kidogo ya yake, inayojua kazi kuliko yeye. Akajaribu kusimama apumzike. Shoka likapiga pigo jingine. Na jingine.

Mti ukalia, ukaenda.

Ulipogonga ardhi matawi yalivunjika, shina likabiringika, ule upande wa nyuma ukageuka juu. Theluji ikatulia. Raivo akauona msalaba.

Ulikuwa mkubwa, umechongwa kwa kina na mtu mwenye haraka, gome limeukunjia midomo pembeni, ndani mti umekuwa wa kijivu. Chini yake herufi mbili za jina la Arvo.

Akageuka kuitazama ile miche, na sasa akaona alichopaswa kukiona tangu siku ya kwanza, yeye anayejisifu kuusoma msitu. Ilikuwa na urefu mmoja. Ilikuwa na umri mmoja. Ilisimama kwenye mstari mmoja, katikati ya mifereji miwili iliyojaa theluji. Ilikuwa imeota juu ya barabara. Ile ndiyo iliyokuwa barabara ya makaburini siku ya mazishi ya Arvo, ikienda moja kwa moja hadi kwao. Baadaye walipochimba mifereji ya kupunguza maji ya bwawa la matope lililo kati ya kona na nyumba waliihamishia upande wa pili wa mti. Msalaba ulikuwa ukitazama barabara siku zote. Barabara ndiyo iliyouhama.

Akainama kwenye chenso yake, akaivuta kamba kwa kidole kimoja. Ilitoka laini. Hakuna kilichoishika tena.

Kutoka kwenye kisiki kulikuwa na alama kwenye theluji. Zilipita katikati ya miche, juu ya barabara ya zamani, kuelekea kwao. Buti moja, mkwaruzo mmoja. Buti, mkwaruzo. Theluji iliyochimbuliwa ilikuwa bado haijatulia pembeni.

Raivo alikimbilia garini, akavuta mlango.

"Nani amepita hapa?"

"Mzee mmoja, sasa hivi," Heino akasema. "Kule kwenye miti. Si jirani yenu? Anachechemea. Nilimpungia."

"Akajibu?"

"Hakugeuka."

Raivo akaondoa gari bila kufunga mlango. Barabara mpya inazunguka bwawa lote. Ile ya zamani inakata katikati. Maire alikuwa kazini, dukani Võru. Nyumbani alikuwepo mama peke yake. Akampa Heino simu, akamwambia piga nyumbani, weka sauti itoke nje.

Ililia sana. Ikapokelewa.

"Mama?" Raivo akasema.

Leida akajibu kwa kunong'ona. "Raivo. Ni wewe unayekung'uta theluji kwenye kizingiti?"

"Siyo mimi, mama. Usifungue."

Wote watatu walisikia. Kishindo cha buti likigongwa kwenye ngazi ya jiwe, kama mtu yeyote wa huku anavyofanya kabla ya kuingia ndani. Buti moja tu. La pili halikugongwa.

"Huyo," Leida akanong'ona, "hakuwahi kungoja kufunguliwa."

Simu ikakatika.

Walipofika mwanga ulikuwa unakwisha. Alama zilitoka msituni, zikakata uwanja wa viazi, zikapita kando ya kisima, zikapanda ngazi. Za kurudi hazikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Heino alisema atangoja nje, na Raivo hakumlaumu.

Ndani taa ilikuwa imezimwa, jiko linatoa joto. Kile kiti kikubwa kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama chumba. Hakuna aliyekikalia. Chini yake, pale mtu angeweka miguu, kulikuwa na maji na mabonge ya theluji yanayoyeyuka.

Leida alikuwa kwenye kistuli karibu na mlango. Amenyooka, mikono juu ya magoti, koti mwilini. Amevaa buti. Kamba amezifunga mara mbili.

"Mama," Raivo akasema.

Leida akaweka kidole mdomoni. Akakionyesha kile kiti kwa kidevu, taratibu, kama anavyofanya mtu mwenye mazoea ya miaka.

"Polepole, mwanangu," akanong'ona. "Amelala."

Siku iliyofuata Raivo alichonga msalaba mwingine. Alichagua msonobari mzuri kwenye barabara mpya, akachonga kwa kina, akitazama vizuri upande, akaweka herufi zilezile. Alimleta mchungaji, mchungaji akasoma. Alilichoma lile shoka ndani ya jiko la sauna, mpini ukaungua, chuma akakitupa bwawani. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa akifanya kila kitu kwa usahihi, kama siku ile alivyokagua plagi na breki na pistoni. Lakini msalaba wa njiani humzuia anayekuja. Huyu alikuwa ameshafika.

Walimwomba Leida wahame, wakapange mjini. Alikataa. Aliwaambia kwa kunong'ona kwamba akiondoka, atafuatwa, na huko mjini hajui milango iko wapi. Chenso ya Raivo haijagoma tena hata mara moja. Heino alirudi kwao kaskazini, na nasikia siku hizi hachekeshi mtu.

Mimi nilikwenda pale siku ya Pasaka, na mayai ya rangi kwenye kikapu, kama jirani. Jua lilikuwa linawaka, vyura wanalia mtaroni, watu wamevaa mashati. Maire alinikaribisha kwa sauti ya chini. Leida alikuwa kwenye kistuli mlangoni, koti na buti, amekonda, akanipa mkono bila kusimama. Nilikuwa nimechoka, nikaenda bila kufikiri kukaa kwenye kile kiti kando ya jiko. Maire alinishika mkono wa shati akanivuta kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Ndipo nikatazama chini. Mbele ya kiti kulikuwa na unyayo wa buti moja, na pembeni yake mkwaruzo mrefu, na ndani ya unyayo theluji nyeupe, mbichi, inaanza tu kuyeyuka.

Nje theluji ilikuwa imekwisha zamani.